Nguvu ya Maji Katika Mifereji Yetu, na Habari Zake Tangu Zamani



Kamati ilituagiza sisi wa ofisi tuandike katika kitabu cha mwaka huu habari za maji ya mfereji. Agizo hilo halikutushangaza. Katika mashauri yote yaliyoletwa mbele ya Kamati mwaka huu, hakuna lililorudi mara nyingi kama hili, wala hakuna lililotia uchungu mwingi kati ya jirani na jirani.

Wote mwajua jinsi mtaa wetu ulivyokaa. Bomba kubwa la mji lapita barabarani, chini ya kilima. Kutoka hapo bomba letu moja lapanda, likigawa maji kwanza kwa nyumba za safu ya chini, kisha za safu ya kati, na mwisho za safu ya juu. Wenzetu wa juu walisema kwamba wa chini wawakatia maji kwa makusudi. Wa chini wakajibu kwamba wao hulipa kama wengine, na kwamba kufungua mfereji ulioulipia si wizi. Mama mmoja mtu mzima wa safu ya juu alitueleza kwamba kwa miezi mingi ameamka saa tisa ya usiku kujaza pipa lake, kwa sababu ikifika saa kumi na mbili asubuhi mfereji hutoa upepo tu. Tena mzee mmoja wa safu ya kati, mtu anayeheshimiwa sana kwetu, alipochoka kungoja alinunua pampu akaifunga moja kwa moja katika bomba. Tangu siku hiyo maneno yalizidi kuwa makali, hata watu waliokuwa wakishirikiana mazishi na arusi kwa miaka mingi wakaacha kuamkiana.

Sisi si mafundi, wala hatudai kuwa mafundi. Lakini tulisoma, tukauliza, tukafuatana na fundi wa mabomba nyumba kwa nyumba, usiku na asubuhi. Tumeona kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu yatokana na kutojua mambo mawili: nguvu ya maji hutoka wapi, nayo hupotelea wapi. Maswali hayo ni ya zamani, na watu wa nchi nyingi wamesumbuka nayo kabla yetu. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia habari zao kwanza, kisha turudi kwetu.

1. Maji hayapandi mlima

Wazee wetu walisema kwamba maji hayapandi mlima, na neno lao ni kweli. Zamani katika pwani yetu mtu aliyetaka maji yapande ilimpasa kuyapandisha kwa mikono yake. Atembeleaye magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ataona visima virefu vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe. Katika misikiti mingi ya pwani maji yalitekwa kisimani kwa ndoo na kumiminwa birikani, na waumini wakayatumia kutawadha. Bara nako kina mama walishuka mtoni na kupanda tena na mitungi. Kila tone lililofika nyumbani lilikuwa limelipiwa kwa shingo na mgongo wa mtu.

Basi, mtoto wa leo aonapo maji yakitoka mferejini katika ghorofa ya pili, hana budi kuuliza ni nani aliyeyapandisha. Jibu ni kwamba hayakupanda. Yalikuwa yameteremka. Mahali fulani, pengine mbali sana, pana maji yaliyotulia juu zaidi kuliko ghorofa ile, na uzito wa maji hayo ndio unaosukuma yale yaliyo ndani ya bomba. Bomba laweza kushuka bondeni na kupanda ng'ambo ya pili, na maji yatapanda pamoja nalo, lakini hayatapita kimo cha mahali yalikotoka.

Waliolithibitisha jambo hili kwa hesabu ni watu wa Ulaya, miaka zaidi ya 400 iliyopita. Mwaka 1586 Simon Stevin, mtu wa Flanders, alionyesha kwamba msukumo wa maji chini ya chombo wategemea kimo cha maji, wala si wingi wake. Jambo hili huwashangaza watu hata leo. Bomba jembamba lenye maji ya kimo cha mita 10 husukuma koki iliyo chini yake sawasawa na tangi pana kama uwanja wa mpira lenye kimo kile kile. Baadaye Blaise Pascal wa Ufaransa aliandika kitabu kizima juu ya habari hiyo, nacho kilichapwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Kabla ya Pascal, mafundi wa pampu wa Italia walikuwa wamekutana na fumbo. Pampu ya kuvuta haikuweza kuinua maji kupita kiasi cha mita 10, yaani futi 33, hata ingetengenezwa kwa ustadi gani. Galileo alilitaja jambo hilo mwaka 1638. Mwanafunzi wake Torricelli akalieleza katika barua ya mwaka 1644. Alisema kwamba sisi tunaishi chini ya bahari ya hewa, na hewa hiyo ina uzito. Pampu haivuti maji kwa kweli. Huondoa hewa iliyo juu yake tu, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma kupanda. Uzito huo hautoshi kuinua maji zaidi ya mita 10. Twawaomba wasomaji walishike neno hili, kwa maana tutalirudia tutakapofika kwenye pampu ya jirani yetu.

Kutokana na hayo mafundi wana desturi ya kupima nguvu ya maji kwa kimo. Wakisema penye mfereji fulani pana mita 20, maana yake ni kwamba kama ungeunganisha hapo bomba refu lililosimama wima, maji yangepanda mita 20 ndipo yasimame. Kwa nyumba ya kawaida mita 10 zatosha vizuri. Zikizidi sana, kama mita 60 au 70, viungo vya mabomba huanza kuvuja na koki huharibika upesi. Kwa hiyo nguvu nyingi mno nayo si baraka.

2. Maji yetu yateremka kutoka wapi

Katika upande wetu wa Afrika, mmoja wa watu wa kwanza kuwaletea wakazi wa mji maji ya bomba alikuwa Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888. Aliyatoa maji katika chemchemi zilizo kaskazini ya mji, akayaleta mjini kwa mfereji na mabomba, na watu waliokuwa wakitegemea visima wakapata maji masafi karibu na milango yao. Kazi yenyewe ilifanywa na tofauti ya kimo kati ya chemchemi na mji.

Nairobi ilianza kwa namna nyingine. Reli ilifika hapo mwaka 1899, mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa jina la maji baridi. Penye tambarare ile maji yalikuwako, lakini yalikuwa chini, mtoni na katika vinamasi. Ndiyo sababu mji ulipoanza kukua wakubwa wake waligeuza macho yao kuelekea vilima. Kwanza yaliletwa maji ya chemchemi za Kikuyu. Baadaye lilijengwa bwawa la Ruiru, kisha bwawa la Sasumua lililokamilika mwaka 1956, na mwisho bwawa kubwa la Ndakaini, katika mto Thika, lililokamilika mwaka 1994. Mabwawa hayo yote yako juu kuliko mji. Uso wa maji ya Ndakaini uko karibu mita 2,040 juu ya usawa wa bahari, na katikati ya Nairobi ni chini ya hapo kwa zaidi ya mita 300. Hivyo sehemu kubwa ya maji ya Nairobi huja kwa uzito wake yenyewe.

Mombasa nayo, tangu mwaka 1957, imepata maji ya chemchemi za Mzima, zilizo katika Tsavo, kwa bomba lenye urefu wa kilomita 220 hivi. Maji yale huzaliwa na mvua ya vilima vya Chyulu, yakapita chini ya miamba, yakatokea Mzima, kisha yakateremka hata kisiwani.

Hapa mtu aweza kuuliza: ikiwa Ndakaini iko mita 300 juu yetu, mbona mfereji wetu hauna nguvu ya mita 300? Jibu ni kwamba njiani maji hupumzishwa. Huingia katika mitambo ya kusafishia huko Ngethu, na baadaye katika matangi makubwa kama yale ya Gigiri. Kila mara maji yanapotoka katika bomba na kutulia katika tangi lililo wazi kwa hewa, kimo cha zamani husahauliwa na hesabu huanza upya. Nguvu iingiayo nyumbani mwako yahesabiwa kutoka tangi la mwisho, wala si kutoka bwawani. Jambo hili ni jema, kwa maana kama kimo chote kingeletwa moja kwa moja, mabomba ya mitaani yangepasuka.

Katika habari hizi haifai kuficha kwamba mifereji haikugawanywa kwa haki. Wakati wa ukoloni mitaa ya Wazungu ilikuwa upande wa magharibi wa Nairobi, penye nchi ya juu, na mitaa mingi ya Waafrika iliwekwa mashariki, penye nchi ya chini. Kwa hesabu ya kimo peke yake, mashariki ndiko kungalikuwa na nguvu nyingi zaidi. Lakini wazee wetu wengi wakumbuka mifereji ya jumuiya, watu wengi kwa mfereji mmoja, na madebe yaliyopangwa foleni tangu alfajiri. Nguvu ilikuwako katika bomba, bali njia za kuitoa zilikuwa chache. Hapo twafundishwa kwamba kimo peke yake hakitoshi.

3. Nguvu hupotelea njiani

Mtu wa kwanza tuliyesoma habari zake kwa mshangao ni Frontinus, aliyewekwa msimamizi wa maji ya mji wa Roma mwaka 97. Wakati huo mji ule ulikuwa na mifereji mikubwa 9 iliyoleta maji kutoka mbali. Frontinus alipolinganisha vitabu vya hesabu na maji yenyewe, aliona kwamba haviafikiani. Alipochunguza aligundua midomo ya mabomba iliyopanuliwa kupita kipimo cha ruhusa, na matundu ya siri yaliyotobolewa chini ya barabara na wafanyakazi wenyewe ili wauze maji. Tena alieleza jambo la kweli ambalo twaliona hata kwetu: mdomo wa bomba uliowekwa chini hupokea maji mengi kuliko uliowekwa juu, hata ikiwa upana wao ni mmoja.

Lakini si kila upungufu ni wizi. Huko Ufaransa, katika mji wa Dijon, mhandisi Henry Darcy aliwaletea wenyeji wenzake maji ya chemchemi mwaka 1840. Baadaye alifanya majaribio mengi ya kupitisha maji katika mabomba ya namna mbalimbali, na mwaka 1857 alitangaza matokeo yake. Alionyesha kwamba maji yakienda hupoteza nguvu kwa kujikwaruza ndani ya bomba, na kwamba bomba lililoparuza kwa uzee na kutu hupoteza nguvu nyingi kuliko jipya.

Mambo matatu katika hesabu hiyo yatuhusu sana. La kwanza, maji yakitulia hayapotezi nguvu yoyote. Hasara huja yanapokwenda. La pili, ukiongeza mwendo wa maji mara mbili, hasara huongezeka kama mara nne. La tatu, ukipunguza upana wa bomba kwa nusu, maji yapitayo kwa nguvu ile ile hayapungui kwa nusu tu; hubaki kama sehemu moja katika sita. Mtu anayenunua bomba la inchi moja badala ya inchi mbili ili kuokoa fedha huwa ametupa maji mengi kuliko alivyodhani.

Tulipokuwa tumekwisha kuelewa hayo, fundi wetu alileta chombo cha kupimia msukumo, chenye uso kama wa saa. Tukaanza saa tisa ya usiku, watu walipokuwa wamelala na mifereji imefungwa. Katika safu ya chini chombo kilionyesha mita 30. Katika safu ya juu kilionyesha 18. Tofauti ilikuwa mita 12, na fundi alipopima kilima alikuta kwamba safu ya juu iko mita 12 juu ya safu ya chini. Hesabu ilitimia kabisa. Usiku hakuna aliyemwibia mwenzake. Kilima ndicho kilichochukua zile 12.

Tukarudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati kila nyumba inapokoga na kupika chai. Katika safu ya chini chombo kilionyesha mita 11. Katika safu ya juu mshale haukuinuka.

Twawaomba wanachama wazitazame tarakimu hizo kwa utulivu. Safu ya chini ilikuwa imepoteza mita 19 kati ya 30, wala wenyewe hawakujua, kwa kuwa mita 11 zatosha kuoga. Lakini kutoka hapo kilima chadai mita 12, na zilizobaki ni 11. Hazitoshi. Safu ya juu haikukatiwa maji na mtu yeyote. Ilikosa kwa sababu bomba letu, lililowekwa zamani nyumba zilipokuwa chache, limekuwa jembamba kwa watu walioongezeka, na kutu imezidi kulibana. Wa juu walikuwa na haki ya kulalamika, na wa chini walikuwa na haki ya kusema kwamba hawakuiba.

4. Hatari ya bomba lisilo na nguvu

Kama shida ingekuwa kuamka usiku tu, labda tungevumilia. Lakini iko hatari kubwa zaidi, nayo yatokana na bomba lenyewe kupungukiwa na nguvu.

Katika karne ya 19 kampuni za maji za London zilikuwa na desturi ya kufungua maji kwa saa chache tu kila siku, kisha kuyafunga. Wenye nyumba kubwa waliweka matangi, na maskini walichota kwa haraka katika vyombo walivyokuwa navyo. Wahandisi wengi waliamini kwamba hakuna njia nyingine. Ndipo mwaka 1831, katika mji wa Nottingham, kijana aitwaye Thomas Hawksley, ambaye umri wake ulikuwa miaka 24 hivi, alijenga mtambo wa maji kando ya mto Trent, na mabomba yake yakakaa yamejaa kwa nguvu mchana na usiku. Mbele ya tume iliyochunguza afya ya miji mwaka 1844 alitoa ushahidi wa kazi hiyo. London ilichelewa sana kumfuata; hata sheria ya mwaka 1871 ilipotaka maji yatolewe bila kukoma, ilichukua miaka mingi kabla nyumba zote kuyapata.

Faida ya maji yasiyokoma si kupunguza usumbufu tu. Kila bomba chini ya ardhi lina mahali panapovuja, hata kama ni padogo. Nguvu ikiwa ndani, maji safi hutoka nje kidogo kidogo. Hiyo ni hasara ya fedha. Nguvu ikiondoka ndani, maji machafu ya nje huingia. Hiyo ni hasara ya afya, kwa maana homa ya matumbo na kipindupindu husafiri kwa njia hiyo. Nguvu ya maji ni kama mlinzi wa mlango, na bomba tupu ni mlango ulioachwa wazi.

Sasa twarudi kwenye pampu ya mzee wetu. Asubuhi ile, kwa ruhusa yake mwenyewe, fundi alimwomba aiwashe. Kisha tulikwenda nyumba ya jirani yake wa juu. Fundi akafungua mfereji wa jirani, akachukua kipande cha karatasi, akakiweka penye mdomo wa mfereji. Karatasi ilinata pale. Mfereji haukutoa maji. Ulikuwa ukivuta hewa. Fundi akamwambia mwenye nyumba aweke kiganja chake, naye akahisi jinsi kinavyovutwa. Mzee alikuwa amesimama nasi akiona yote.

Hapo neno la Torricelli lilitimia mbele ya macho yetu. Pampu ilikuwa imeondoa nguvu yote katika bomba, na hewa ya nje ikawa inasukuma kuingia popote ilipopata nafasi. Tena, hatua chache kutoka hapo, bomba letu lapita kando ya mtaro wa maji machafu, na kiungo kimoja hapo huvuja. Usiku kiungo hicho hutoa maji nje. Wakati pampu inapovuta, kitavuta nini? Fundi hakuhitaji kujibu.

Mzee wetu alikwenda akazima pampu kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile: "Nimezima. Lakini mke wangu ni mgonjwa na wajukuu wako nyumbani. Kesho asubuhi nitawapa nini?" Swali hilo ndilo tunaloliweka mbele yenu. Kumlaumu mtu kwa pampu ni rahisi, lakini lawama haijazi ndoo.

5. Shauri linaloletwa kwa Mkutano Mkuu

Miji mingine imekutana na jambo kama letu. New York ilipata maji ya mto Croton mwaka 1842, yakiteremka kutoka mbali kwa kimo chake. Nyumba zilipoanza kujengwa ndefu, nguvu ile haikufika juu kupita ghorofa sita hivi. Wakaweka matangi ya mbao juu ya mapaa, wakayajaza kwa pampu, na maji yakateremka kwa kila chumba. Matangi hayo yako hata leo. Wenye majumba hawakushindana kuvuta. Walijipatia kimo kipya.

Kwa mfano huo Kamati yaleta mashauri matatu, nayo hayana budi kupata kwanza idhini ya wenye mamlaka ya maji.

La kwanza, sehemu ya chini ya bomba letu, inayobeba maji ya nyumba zote, ibadilishwe iwe pana zaidi, na kile kiungo kinachovuja karibu na mtaro kitengenezwe kabla ya kazi nyingine yoyote.

La pili, lijengwe tangi ardhini, lijazwe usiku wakati maji yanapokuwa na nguvu, likiwa na boya la kuyafunga linapojaa. Pampu ivute kutoka tangi hilo, kamwe isivute kutoka bomba, na ipandishe maji katika tangi la juu ya mnara, mita 10 juu ya safu ya juu. Kwa kimo hicho safu ya juu itapata mita 10, na safu ya chini, kwa kuwa iko chini yake kwa mita 12, itakuwa na mita 22 maji yanapotulia. Matangi yote mawili yafunikwe vema na kuoshwa kwa zamu.

La tatu, pampu zote zilizofungwa katika bomba ziondolewe siku ile tangi litakapoanza kazi, na nyumba zenye wagonjwa zisaidiwe na Chama kwa kuchotewa maji tangu leo mpaka siku hiyo.

Hesabu ya gharama imo katika taarifa ya Mweka Hazina. Twajua kwamba wenzetu wa safu ya chini wameuliza kwa nini walipie mnara utakaowafaa wa juu. Swali lao ni la haki, na tumejaribu kulijibu kwa tarakimu. Kila asubuhi wao hupoteza mita 19, nazo zitazidi kupotea kadiri watu wanavyoongezeka. Wapangaji wakiongezeka kidogo, zile mita 11 zitakuwa 5, na safu ya chini itajua yale ambayo safu ya juu imeyajua siku nyingi. Tena uchafu ukiingia katika bomba moja hauulizi mtu anakaa safu gani.

Tulipokuwa tukiandika habari hizi tulifikiri sana juu ya yule mama wa saa tisa ya usiku. Wakati mtaa mzima umelala, maji humfikia kwa nguvu zote za kilima, kwa sababu hakuna mwingine anayefungua. Watu wakiamka, yeye hukosa. Yaani raha ya kila mmoja wetu kwa asubuhi imekuwa ikitolewa katika usingizi wake. Hakuna aliyekusudia, lakini sasa tumejua, na mtu akijua hana tena udhuru.

Nguvu ya maji si mali ya nyumba moja. Ni kimo kimoja tulichopewa sote, na kila afunguaye mfereji hukata kipande chake. Frontinus aliilinda kwa vitabu na vipimo, Hawksley kwa mabomba yaliyojaa, Darcy kwa hesabu. Sisi tunao Mkutano Mkuu na mikono ya kuinua. Twawasihi wazee na wanachama waje wengi, wasikilizane, na waamue.

Ni sisi watumishi wenu,
Ofisi ya Chama, kwa niaba ya Kamati.